Pakiti Tupu za Maka

Jumatatu, 13 Januari

Nimenunua daftari hili Bura kwa sababu rejista ya zahanati ina safu ya uzito, ya urefu na ya mzunguko wa mkono, lakini haina safu ya kuandika kwamba humwamini mtu. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuwa muuguzi hapa Garasweyno, na kila jilaal ikiingia, kiangazi chetu kirefu, najikuta nawaangalia akina mama kama askari wa kizuizi cha barabarani anavyoangalia lori la makaa.

Leo nimepima watoto arobaini na mmoja. Kumi na mmoja utepe wa kupima mkono umeishia kwenye nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Mmoja wao ni Nimo, miezi kumi na minne, kilo tano nukta tisa, mkono sentimita kumi nukta nane. Mama yake anaitwa Maka. Walihamia hapa miezi miwili iliyopita kutoka upande wa Hadado baada ya mbuzi wao kwisha, yeye na mama mkwe wake. Mume anachunga ngamia wa watu karibu na Bura. Nimempa pakiti kumi na nane za siagi ya karanga ya dawa, za wiki nzima, nikamweleza kwamba ni dawa ya mtoto huyu peke yake, si ya jirani wala ya duka.

"Umeelewa, walaal, dada yangu?"

"Nilielewa zamani," akasema.

Jibu gani hilo. Ameandikishwa leo, alielewa lini?

Alhamisi, 16 Januari

Vumbi. Hakuna aliyekuja ila mzee mmoja wa kutibiwa jicho.

Jumatatu, 20 Januari

Nimo kilo sita kamili. Ameongeza gramu mia. Ni kidogo, lakini ni wiki ya kwanza.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekwenda kwa Keinan kununua sukari. Nje ya duka lake kulikuwa na msichana wa darasa la tano hivi, mwenye afya yake, akilamba pakiti ya siagi ya karanga. Pakiti zetu hasa, rangi ile ile.

Nikamuuliza Keinan imetoka wapi.

"Dadaab," akasema bila kuinua macho. "Zinakuja na magari. Kila duka linazo."

Nikamwambia anionyeshe katoni. Akaniambia zimekwisha, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Muuza duka akikuambia kitu ni cha mwisho, ujue nyuma ya pazia kuna kingine. Nimerudi nikihesabu kichwani ni mama gani anapita mara kwa mara kwa Keinan.

Jumatatu, 27 Januari

Nimo kilo tano nukta tisa. Ameshuka.

Mchana imekuja simu kutoka bohari ya kaunti. Kuanzia Machi tutapata katoni sita kwa mwezi badala ya kumi na mbili. Wafadhili wamepunguza mkono. Nimeuliza watoto wamepungua wapi. Aliyekuwa kwenye simu akasema yeye anasoma tu alichoandikiwa.

Kwa hiyo kila pakiti inayouzwa dukani sasa inatoka kinywani mwa mtoto mwingine. Lazima nijue ni nani.

Jumatatu, 3 Februari

Nimo tano nukta tisa tena. Akina mama wengine kumi watoto wao wanapanda, hata wale wa mbali. Huyu wa Maka, anayekaa umbali wa mwito, hasogei.

Nimemwambia mbele ya benchi zima: "Kuanzia sasa, kabla sijakupa pakiti mpya, uniletee zile tupu."

Nilitegemea ababaike. Badala yake alifungua kitambaa begani, akatoa mfuko, akaumimina mezani. Pakiti tupu, zimeoshwa, zimekunjwa, zimefungwa kwa uzi kumi kumi. Za wiki zote tatu. Hamsini na nne, hakuna iliyopungua.

Nikampa mpya. Lakini tangu saa hiyo nafikiria: ni nani anayehifadhi taka kwa wiki tatu kabla hajaambiwa? Mtu aliyejiandaa kuulizwa. Na anajiandaa kuulizwa mtu mwenye la kuficha. Pakiti tupu anaweza kuziokota popote.

Nimemwambia Abdikafi, mhudumu wetu wa jamii anayezungukia nyumba, mzee ambaye sote tunamwita adeer, ami. Akakuna ndevu zake. "Labda ni mwanamke nadhifu tu."

Adeer Abdikafi angemtetea hata fisi.

Jumatano, 5 Februari

Leo limefika gari jeupe kutoka Nairobi. Ameshuka msichana wa mtaa wa Islii, Fowsiya, buibui jeusi na viatu vya kukimbilia, kamera begani. Anafanyia kazi kampeni ya dunia nzima ya kutaka mataifa yamalize utapiamlo wa watoto. Mwishoni mwa Machi kuna mkutano huko Ulaya, mawaziri watakaa waseme kila nchi itatoa nini. Yeye anatafuta mama mmoja wa kuwakilisha.

Nimeshawaona wa aina yake. Mwaka juzi walikuja watatu, wakampiga picha mtoto wa Nasteho, mmoja wa akina mama wa benchi letu, akiwa na nzi machoni, wakaondoka. Mtoto yuko kwenye kalenda mahali fulani. Nasteho hajawahi kupata hata hiyo kalenda.

"Nataka yule ambaye hali yake ni ngumu," Fowsiya akaniambia, tumekaa kwenye kivuli cha tangi la maji. "Asiyepona haraka."

"Kwa nini asiyepona? Wanaopona hawapigiki picha?"

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. Kisha akasema, "Dada, nikienda na takwimu watapiga makofi, halafu wataenda kula. Nikienda na mtoto mmoja mwenye jina, angalau watatulia."

"Wakitulia, huyo mtoto ataongeza gramu ngapi?"

"Sijui," akasema. "Lakini katoni zako zimekatwa nusu na watu walio kwenye ukumbi ule. Mimi siwezi kuwafikia nikiwa mikono mitupu."

Hilo la katoni nani alimwambia? Sikumwambia mimi. Ana masikio kila mahali. Ila, kwa haki, alichosema ni kweli.

Amemchagua Maka. Sikumchagulia, alimwona mwenyewe kwenye foleni. Wala sikumkataza, na nitaandika sababu hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilitaka kisingizio cha kuingia nyumbani kwake.

Jumatatu, 10 Februari

Nimo kilo tano nukta nane.

Jumanne, 11 Februari

Tumekwenda kwa Maka saa tatu asubuhi. Kibanda cha mikeka na maturubai, pembezoni mwa kijiji, kimefagiwa mpaka chini panang'aa. Fowsiya aliketi na mama na mtoto mlangoni kwa ajili ya mwanga. Mimi nikasema nataka kuona anavyohifadhi maji, nikaingia ndani.

Ndani mlikuwa na giza na moshi. Mama mkwe alilala upande wa ukuta, amejifunika, uso ameupa mikeka. Nikainua kifuniko cha sanduku. Nikapapasa nyuma ya vibuyu vya maziwa, vikavu vyote. Nikainua hata ukingo wa mkeka. Nilichopata ni pakiti kumi na tano za wiki hii, zimepangwa juu ya kitambaa safi. Ndivyo inavyotakiwa: tatu zilizopungua ni za mtoto aliyekula tangu jana, au ni za mama aliyeuza tatu. Nilichagua maana ya pili.

Nilipogeuka, Maka alikuwa mlangoni, Nimo begani, ananitazama mkono wangu ukiwa ndani ya sanduku lake.

"Unatafuta nini, daktari?"

Ningeweza kusema maji. Nikasema, "Maka, mtoto anakula dawa ya kilo kila wiki na anapungua. Kuna anayeila. Kuanzia wiki ijayo nitakupa za siku mbili mbili, na utamlisha zahanatini, mbele yangu."

Fowsiya alikuwa amesimama nyuma yake na kamera. Majirani wawili walikuwa uani. Wote walisikia.

Maka alimrekebisha mtoto begani, akapita karibu nami, akafunga sanduku taratibu.

Tukarudi zahanatini. Fowsiya akaniuliza, "Una uhakika?"

"Kazi yako ni kupiga picha," nikamwambia.

Jumatatu, 17 Februari

Maka hakuja. Nikawaambia waliokuwepo: mwenye haki hakimbii.

Jumanne, 18 Februari

Fowsiya amepiga simu kutoka Garissa, saa nne asubuhi. Nilidhani anataka kuomba ruhusa ya kutumia picha.

"Nina shida na sauti," akasema. "Naisikiliza ile ya kwa Maka. Kila mahali mna kikohozi kinaniharibia. Cha mtu mzima, cha ndani kabisa. Sikukisikia siku ile, maikrofoni ndiyo imekinasa. Halafu kuna kingine, kidogo. Nadhani ni mtoto. Dada, ndani kulikuwa na nani?"

Nikamwambia anisikilizishe. Akaweka simu karibu na spika. Kwa dakika mbili nikamsikia Maka akieleza jinsi mbuzi walivyokufa, na chini ya maneno yake, mfululizo, kikohozi kile. Kikavu, kisha kizito, kisha kimya cha mtu anayetafuta pumzi. Mama mkwe. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake nikipapasa sanduku, na masikio yangu hayakusikia kwa kuwa nilikuwa natafuta karanga.

Nikaenda kabatini, nikatoa kadi ya Nimo. Kuna swali pale, kila kadi inalo: je, kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Nimetia alama: hapana. Ni mwandiko wangu, wa tarehe 13 Januari. Sikumuuliza. Siku ile watoto walikuwa arobaini na mmoja, na nikawatilia wote hapana, wima, alama moja chini ya nyingine.

Mtoto mwenye kifua kikuu unaweza kumlisha karanga mpaka kiama, hapandi. Hili nililisoma chuoni, nikalifanyia mtihani, nikalipita.

Nimekimbia mpaka kwao. Nilikuta mafiga matatu na duara la ardhi iliyofagiwa. Jirani akasema waliondoka Ijumaa, na punda wa kuazima. "Alisema hapa ameshajulikana kuwa mwizi." Aliniambia hivyo akinitazama machoni.

Jumatano, 19 Februari

Adeer Abdikafi anapigia simu wafanyabiashara wote wa mifugo anaowafahamu. Hakuna aliyewaona.

Alhamisi, 20 Februari

Bado. Nimepima, nimechanja, sikumbuki nani.

Ijumaa, 21 Februari

Tumewapata. Baada ya swala ya Ijumaa mnunuzi mmoja wa mbuzi alimwambia Abdikafi kwamba kuna bibi mgonjwa kwenye mahema upande wa pili wa Bura, karibu na kisima cha ngamia. Tukachukua pikipiki, mimi katikati ya dereva na adeer, saa moja na nusu ya mchanga.

Maka alikuwa anarudi na maji. Aliponiona aliweka dumu chini, akasimama mbele ya mlango wa hema kama mtu anayezuia mbuzi asiingie. Nimo alikuwa mgongoni, kichwa kimeanguka upande.

Nikamsalimu. Akaitikia salamu, kwa kuwa salamu ni ya Mungu, na hakuongeza neno.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yakanipotea. Nikasema tu, "Maka, ayeeyo, bibi yake Nimo, anakohoa tangu lini?"

Akajibu, "Tangu kabla hatujahamia Hadado. Ndilo swali lililokuleta?"

"Ndilo swali ambalo sikukuuliza. Niliandika kwamba nimekuuliza. Nadhani Nimo ameambukizwa kifua, ndiyo maana dawa ya chakula haimsaidii. Hukuuza kitu. Nilikusingizia."

"Ulinisingizia mbele za watu."

"Nitalikiri hili mbele za watu wale wale."

Adeer Abdikafi alikuwa ameketi pembeni kwenye kivuli kidogo cha pikipiki, kama asiyesikia. Maka akamteremsha mtoto, akamweka mapajani, akakaa chini. Na mimi nikakaa. Hakunipa mkeka.

"Nilikuwa na mwingine," akasema. "Wa kwanza. Aweys. Kule tulikokuwa, naye alipewa hizi pakiti. Hakupanda. Muuguzi wa kule akasema nauza, akaniambia nilete tupu. Mimi sikujua kama zinatakiwa, nilikuwa nazitupa. Akafuta jina lake. Aweys aliishi siku kumi na tisa baada ya pale." Alikuwa anamfuta Nimo pua kwa ncha ya shela. "Kwa hiyo huyu alipoandikwa, nilianza kuziweka siku ile ile. Nilijua mtauliza."

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari hili, kwa mkono huu, kwamba anayejiandaa kuulizwa ana la kuficha.

Nikamwomba msamaha. Sikumtajia sababu yoyote, kwa kuwa zote nilizokuwa nazo zilikuwa kuhusu mimi. Akasema, "Sijui kama ninao wa kukupa." Kisha akauliza Garissa ni mbali gani, na kama nitakwenda nao au nitawapa barua tu.

"Nitakwenda nanyi."

"Utakaa?"

"Mpaka majibu."

Jumatano, 26 Februari

Garissa. Joto la kuchemsha damu. Mimi na Maka tunalala kwa habaryar Ruqiya, dada mdogo wa mama yangu. Ayeeyo na Nimo wamelazwa. Tumepeleka makohozi ya bibi na choo cha mtoto, na picha za vifua.

Maka haniachii mtoto nimbebe. Kila nesi akiandika kitu, ananiuliza kwa sauti ya chini: "Ameandika nini? Soma." Nasoma. Siku ya kwanza alimwita mwanamke mwingine wodini asome tena, aone kama maneno yetu yanalingana. Yalilingana. Sikuchukia.

Ijumaa, 28 Februari

Kifua kikuu, wote wawili. Wameanza dawa leo. Za Nimo ni tembe za kuyeyusha, ananusa kikombe kwanza, kisha anakunywa.

Maka aliliegemea dirisha akalia bila sauti. Nilidhani ni huzuni. Akasema, "Basi Aweys naye alikuwa na jina la ugonjwa."

Jumatatu, 10 Machi

Garasweyno. Katoni sita, kama walivyosema. Kabla sijaanza kupima nilisimama mbele ya benchi, nikasema kwamba nilimsingizia Maka, kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na mimi sikuuliza. Niko kwenye saumu na mdomo ulikuwa mkavu hata hivyo. Nasteho akasema, "Na yule wangu?" Nikaichukua kadi yake nikaanza upya, swali moja moja. Tangu leo namuuliza kila mmoja. Tumemaliza saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 16 Machi

Fowsiya amerudi. Maka amekwishahamia hapa tena, na alimwambia waziwazi: sura hapana. "Sura yangu ikitembea, watu wataongeza maneno yao. Chukua sauti."

Akazungumza dakika nne, kwa Kisomali, mkono juu ya goti. Alisema ya mbuzi, ya Aweys, ya pakiti alizofunga kwa uzi. Alisema: muuguzi wangu alinidhania mwizi kwa sababu dawa zilikuwa chache, na dawa zilikuwa chache kwa sababu yenu. Nilikuwa nimekaa pale pale. Aliniangalia wakati anasema.

Jumapili, 23 Machi

Fowsiya amepiga. Ofisi yao inataka sehemu ya muuguzi iondolewe. Wanaogopa wafadhili wakisikia kwamba pakiti zinashukiwa kuibwa, watafunga mikono kabisa.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia nitafikiria."

Nikajua atakata. Nikamwambia Maka ajue atakata. Maka akasema, "Wewe ni mwepesi wa kujua."

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimo kilo sita nukta sita. Ameshika kanga yangu akavuta.

Jumatano, 2 Aprili

Fowsiya ametuma rekodi ya ukumbini. Tumesikiliza zahanatini, Maka, mimi na adeer Abdikafi, tumeinamia simu moja. Sauti ya Maka, kisha mwanamke anatafsiri. Nilisubiri pale patakapokatwa. Hapakukatwa. Muuguzi wangu alinidhania mwizi. Yote yamo. Baadaye kimya, mtu anasogeza kiti, kisha mwenyekiti anashukuru na nchi zinaanza kutaja ahadi moja baada ya nyingine. Moja ya ahadi ni kwamba ugavi wa kaunti zetu utarudishwa ulivyokuwa.

Fowsiya ameandika chini yake kwamba mkataba wake na ofisi hautaongezwa. Hakueleza zaidi. Nimempigia, na nikamwomba radhi kwa yale niliyomdhania. Akasema ameshazoea watu wa Garissa. Ataendelea na kampeni, kwa kundi lingine.

Maka hakufurahi kama nilivyotegemea. "Wamesema lini?" akauliza.

"Hawakusema lini."

"Basi hawajasema."

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya gu', masika yetu, imenyesha Jumamosi, barabara ni matope. Lori la bohari limefika hata hivyo. Katoni sita.

Nimo kilo saba nukta moja, utepe wa manjano. Maka alimtoa kwenye mizani mwenyewe, akanikabidhi nimshike, mara ya kwanza, kwa sababu alihitaji mikono miwili. Akachukua simu ya zahanati, akamwambia adeer Abdikafi ambonyezee pa kurekodi.

"Mimi ni Maka, mama wa Nimo, wa Garasweyno," akasema. "Niliongea ukumbini kwenu. Mliahidi. Leo ni Jumatatu, zimekuja katoni sita, zilikuwa kumi na mbili. Kwenye benchi kuna watoto tisa wa nyekundu na wanapewa nusu. Jumatatu ijayo nitasema tena."

Akaniambia nimtumie Fowsiya, naye awafikishie. Nilipokuwa natafuta jina lake, Nasteho aliinuka kwenye benchi, mtoto kiunoni, akaomba na yeye aseme. Nyuma yake wakasimama wengine wawili.